Saini Yangu Chini ya Saini ya Chuck

Mkaguzi alifungua faili la kumi na saba, akavua miwani, akauliza:

"Hivi hapa kiwandani, Ijumaa huwa mnakatazwa kutoa ruhusa ya kuwasha mashine kati ya saa nne na nusu na saa sita?"

Tulikuwa watu saba mezani. Sita tulijua jibu. Wa saba ndiye aliyekuwa anauliza.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Hymavathi. Kiwanda chetu kiko nje kidogo ya Hyderabad, kinatengeneza vidonge vya presha vinavyouzwa nchi zaidi ya thelathini. Mimi ni wa kitengo cha ubora, miaka kumi na tisa sasa.

Bosi wa kiwanda alikuwa Chakradhar. Zamani tulimwita Chakri. Tulikula naye kantini, wali na mchuzi wa majani machachu ya gongura kwa mkono, na vidole akilamba.

Kisha akapelekwa Uswisi wiki sita kusomea uongozi.

Wiki sita tu, jamani! Alirudi anaitwa Chuck.

Sijui nani alimbatiza. Alirudi na ung'eng'e wa kutolea puani, biriani anaila kwa uma, na kila Jumatano anatukusanya ukumbini kutufundisha somo lake la "Safari ya Kiongozi wa Kimataifa".

"Kiongozi wa kimataifa haamini bahati," anatuambia, mikono kaiingiza mifukoni. "Anaamini takwimu. Mambo ya nyota tuwaachie bibi zetu."

Sisi huku nyuma tunafinyana. Wote tulijua kilichomo kwenye droo yake ya chini: almanaka ya Kitelugu, lugha yetu, saa za Rahu zimepigiwa mstari mwekundu.

Kwetu kila siku ina saa moja na nusu ya nuksi, ndizo saa za Rahu, ile nyota mbaya. Huanzi safari, hufungui duka, huposi mke. Ijumaa ni kuanzia saa nne na nusu asubuhi mpaka saa sita mchana.

Sasa mashine ya vidonge haimjui Rahu. Malighafi ikiwa tayari saa tano, inawashwa saa tano. Na viwanda vya dawa vina sheria moja ambayo hata mfagizi anaijua: jambo linaandikwa saa ile ile lilipotokea. Si kabla, si baadaye.

Kabla mashine haijawashwa, lazima Chuck atoe ruhusa, aweke saini na saa. Yeye Ijumaa akawa anasema kwa simu, "Washeni tu, karatasi niachieni." Mchana anakaa, anaandika kwamba alitoa ruhusa saa nne na dakika ishirini na tano.

Dakika tano kabla Rahu hajaingia. Kila Ijumaa.

Yadamma, fundi wa mashine, alithubutu kumuuliza siku moja. "Bosi, mbona tumewasha saa tano na dakika kumi, na wewe hukuwepo?"

"Yadamma, wewe unalipwa kubonyeza au kusoma saa?"

Nilimdharau mtu yule mpaka dharau ikawa burudani yangu. Nikifika nyumbani namwigiza mbele ya mama, nashika uma, mama anacheka hadi machozi.

Ndipo ikatangazwa nafasi ya Singapore. Mkuu wa Ubora, Asia nzima. Majina yaliyopita mchujo yalikuwa mawili, lake na langu.

Nilikitaka kile kiti, sitaficha. Vijana wawili niliowafundisha kazi kuanzia kushika kalamu ni mabosi sasa, mmoja Dublin, mwingine Toronto. Mama alishaanza kuniagia majirani.

Halafu akaja huyu mkaguzi. Mama mfupi kutoka Denmaki, Tove jina lake, hana kicheko. Akaomba kumbukumbu za mashine moja, miaka miwili. Kuzipanga ilikuwa kazi yangu.

Nikazipanga vizuri. Ijumaa zote nikaziweka juu, moja baada ya nyingine, na karatasi ya saa za mashine na ya saa za getini nikaziambatanisha humo humo.

Siku hiyo nayo ilikuwa Ijumaa. Nikangoja saa sita ipite ndipo nikampelekea, maana sikutaka mkosi kwenye jambo langu.

Basi tukarudi pale mezani.

"Ni utaratibu wetu wa uzalishaji," Chuck akajibu kwa ile sauti ya puani.

"Ijumaa ya faili hili mashine iliwashwa saa tano na dakika kumi," Tove akasema. "Wewe umeandika ulitoa ruhusa saa nne na dakika ishirini na tano. Lakini getini umeingia saa sita na dakika tano. Hiyo ruhusa uliitolea wapi?"

Aliitolea wapi! Alikuwa nje ya geti, ndani ya gari, anamsubiri Rahu apite.

Tove akanigeukia.

"Bi Hymavathi, wewe ni wa ubora. Nieleze."

Nikaeleza. Rahu, droo, almanaka, mstari mwekundu, sikubakiza.

"Dada," Chuck akaninong'oneza kwa Kitelugu, "nakuomba, usinifanyie hivi." Miaka mitatu hajaniita dada. Hata ile pua ilimpotea.

Mimi nikaendelea.

Tove aliandika yote. Kisha akaligeuza faili, akalisukuma mbele yangu.

"Asante. Na hii saini ya chini, ya shahidi, saa nne na dakika ishirini na saba, ni ya nani?"

Ilikuwa yangu.

Kila Ijumaa, dakika mbili baada ya yake. Karatasi zilinifikia zimeshajazwa, na kugombana na bosi kungeniharibia ripoti yangu ya kazi, na ripoti hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Singapore. Nikawa natia saini huku namcheka moyoni. Nilishazoea hata sikuiona tena.

"Yeye aliogopa nyota," Tove akasema taratibu. "Wewe uliogopa nini?"

Nikalifunga faili, nikamrudishia.

Singapore alikwenda bwana mmoja wa Manila. Mimi nilitolewa kwenye ubora, sasa nasimamia ghala la maboksi. Chuck je? Makao makuu walimchukua akafundishe "Ujasiri wa Kukiri Makosa". Ana picha mpya, kakunja mikono kifuani. Ndiyo uongozi wa kimataifa huo, msishangae.

Juzi Yadamma alipita ghalani. "Dada Hyma, hivi yale mafaili ulimpelekea yule mama saa ngapi?"

"Saa sita na dakika tano. Rahu alishaondoka."

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, tumeambiwa tangu zamani. Nami nawaachia hili: kabla hujamcheka bosi wako, tazama kwanza saini iliyo chini ya yake.