Mkanda wa Nne Kabla ya wa Tatu

Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, baada ya onyesho la saa kumi alasiri, mwendesha mashine wa ukumbi wa sinema aliandika katika daftari la kazi: "Filamu moja, mikanda mitano. Hakuna hitilafu." Daftari hilo lipo hadi leo na mwandiko ni wake. Sentensi ya pili ni uongo, na katika miaka ishirini na saba ya kazi hakuandika mwingine humo.

Watazamaji walimpa jina la Mama Mwanga. Taa ya mashine ilipozimika, ukumbi mzima uligeuza shingo na kupiga kelele: "Mama, mwanga!" Sasa ana miaka sabini na mmoja na magoti yanamsumbua. Anaishi na binti yake, muuguzi, katika vyumba viwili juu ya duka la rangi. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati lenye madaftari kumi na moja ya shule. Kila ukurasa wa kushoto umebandikwa uhakiki wa filamu uliokatwa gazetini. Kila ukurasa wa kulia una jibu lake.

Mhakiki alikuwa mmoja, aliyejiita Kalamu Kavu. Wengine huuma na kupuliza. Huyu aliuma tu. Aliwahi kuandika kwamba mwigizaji fulani ana uso wa mbao. Mama Mwanga akajibu kwa penseli: "Si mbao. Anajizuia asilie. Tazama mkono wake anapofungua barua." Filamu moja ya vichekesho aliiita kelele za dakika tisini. Jibu: "Wewe hukaa mbele peke yako. Njoo ukae nyuma uwasikie watu." Penginepo ameongeza kwa wino, miaka kadhaa baadaye: "Nimeirudia. Ulikuwa sahihi, ila usivimbe kichwa."

Ukimwuliza kwa nini alijisumbua kubishana na mtu asiyemsikia, anacheka.

"Kabla yake nilikuwa naangalia mashine," anasema. "Picha imetulia, sauti ipo, basi. Yeye ndiye aliyenifanya niangalie filamu. Nilikasirika, nikaangalia tena ili nimshinde. Sasa mtu wa hivyo utamlipa nini?"

Kuna deni jingine la shukrani. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza kuna kipande cha Kalamu Kavu huyohuyo, mistari miwili: "Picha ilikuwa safi mwanzo hadi mwisho. Tuishukuru mikono iliyo nyuma yetu ambayo hatuioni." Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika neno kuhusu kazi yake. Upande wa kulia hakujibu kitu. Alipiga mstari tu, kwa rula.

Mwezi wa pili mwaka huu simu ililia. Kalamu Kavu mwenyewe, mzee wa miaka themanini na miwili, alikuwa anatafuta makala zake. Gazeti lilikwisha kufungwa, nakala alizoweka nyumbani zimeliwa na mchwa, na mchapishaji anataka kitabu. Mtu aliyewahi kuuza tiketi pale ukumbini alimwambia kuna mama ana sanduku.

"Nitakuja Jumamosi, dada yangu," alisema. "Hasa naitaka ile ya mama aliyerudi. Ndiyo itafungua kitabu."

Mama Mwanga aliweka simu chini, akakaa kitandani. Ile ndiyo makala pekee ambayo ukurasa wake wa kulia ulikuwa mtupu.

Mikanda ya filamu ilifika kwenye makopo ya bati yenye namba. Lakini kumbi nyingine zilirudisha mikanda kwenye kopo lolote lililokuwa karibu, kwa hiyo kila mwendesha mashine makini hakuamini kopo. Alivuta kipande cha mwanzo, akakiinua mbele ya balbu, akasoma namba iliyo kwenye mkanda wenyewe. Mama Mwanga alifanya hivyo kila siku isipokuwa ile Ijumaa. Siku hiyo alikuwa na gazeti mezani na penseli mkononi, akimjibu Kalamu Kavu. Mkanda wa pili ukakaribia kwisha, akachukua kopo lenye namba tatu, akapachika, akarudi kwenye ugomvi wake.

Aliponyanyua macho, mama wa kwenye filamu alikuwa anazikwa. Maziko yalikuwa ya mkanda wa nne.

Kusimamisha mashine maana yake ni taa kuwashwa na miluzi. Akaona liwalo na liwe. Maziko yakaisha, ukaingia mkanda wa tatu, na marehemu akaonekana amekaa dirishani akipiga pindo la gauni la binti yake. Kwenye tundu la ukuta Mama Mwanga alichungulia ukumbini. Kiti cha pembeni, mstari wa pili: mwanamume ameinama mbele, anaandika bila kutazama karatasi.

Jumapili gazeti likatoka. Kalamu Kavu, mtu asiyesifu hata mvua wakati wa ukame, alimsifu mwongozaji kwa "ujasiri wa kumrudisha mama baada ya maziko, kama kumbukumbu inavyorudi." Wiki nzima watu walifurika. Wakati huo mikanda ilikuwa imeshapangwa sawa, na mama akizikwa amezikwa. Mtu mmoja alipanda ngazi hadi chumba cha mashine.

"Mbona mama hakurudi?"

"Wafu hawarudi, kaka."

"Gazeti limesema anarudi!"

"Basi kaulize gazeti."

Binti wa Mama Mwanga alipoisikia habari hii, baada ya ile simu, alishika kiuno. "Mama, nyamaza. Mpe madaftari, mpe chai, aende. Mzee wa watu, umvue nguo uzeeni?"

"Nikinyamaza atavuliwa na wengine, mwanangu. Kitabu kitasomwa na walioiona filamu."

"Basi kamwandikie barua."

"Nimemwandikia miaka ishirini bila kupeleka. Hii nitaisema."

Jumamosi mzee alifika na fimbo na koti lililopigwa pasi. Alifungua madaftari moja baada ya jingine, akasoma kurasa za kulia kwanza. Alicheka peke yake mara mbili. Mara moja akasema, "Hapa umenionea," na baada ya kitambo, "La, hujanionea." Kisha akafika kwenye ukurasa mtupu.

"Hapa tulikubaliana?"

Mama Mwanga akamwambia yote: gazeti, penseli, kopo, kiti cha pembeni. Mzee akaisoma tena makala yake upande wa kushoto.

"Kwa hiyo mama hakurudi."

"Hakurudi, kaka."

"Nimeifundisha filamu hiyo chuoni miaka sita. Nimewaandikia wanafunzi ubaoni: ujasiri wa kumrudisha mama."

"Na wao hawakuiona?"

"Haikuwa ikipatikana. Waliniamini." Mabega yakaanza kumtikisika. Binti aliyekuwa mlangoni na chai alidhani analia, akaja mbio, kumbe ni kicheko. Alipotulia alifuta macho. "Unajua, mimi nilidhani gazeti langu linafungia misumari dukani. Kumbe miaka yote kuna mtu ananijibu." Akaisukuma kalamu upande wa pili wa meza. "Jaza, dada. Usinihurumie."

Aliandika polepole, binti akiwa amemshikia miwani: "Si kweli. Iliyo sawa ni nzuri zaidi. Tunamwona akishona pindo, halafu anakufa gauni halijakwisha, na binti analivaa mazikoni na sindano ikining'inia. Wewe uliikosa sindano. Kosa ni langu. Asante kwa mengine yote."

Mzee alisoma mara mbili. Akakiri kwamba chuo kilipata nakala mwaka jana, naye hakwenda kuitazama, akiogopa isiwe nzuri kama anavyoikumbuka.

Kitabu kitatoka mwezi wa tisa, kurasa za kushoto zake, za kulia za Mama Mwanga. Jumatano saa nne asubuhi binti atawapeleka wote wawili chuoni, nao wataitazama filamu hiyo pamoja, mkanda wa tatu kabla ya wa nne.