Maji ya Wusi Ndani ya Rejeta

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilirudi kufundisha kijijini kwetu Wusi, na shahada, suruali mbili za kupigwa pasi, na gari kuukuu ambalo mwenyewe wa kwanza alikuwa amelikatia tamaa. Watu walisifu shahada. Mimi nilijivunia gari, kwa kuwa nilikuwa nimekisoma kitabu chake chote.

Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja: kuchemka. Kila baada ya safari maji ya rejeta yalikuwa yamepungua, na chini hapakuwa na hata tone. Nilibadilisha mipira, nikakaza mkanda wa feni, nikang'oa thamostati. Asubuhi lilitoa moshi mweupe, nikalaumu petroli. Fundi yeyote wa Voi angeniambia kwamba maji yasiyomwagika chini yanaingia ndani ya injini. Sikumwuliza fundi.

Ndipo ikaja habari kwamba mama mdogo, aliyeolewa kijiji cha Mata, upande wa Taveta, amezidiwa. Yeye na mama hawakuwa wakisemezana kwa miaka, kwa ajili ya shamba la marehemu mama yao. Kwetu hasira ya mkubwa ikikaa moyoni huweza kumlaza mdogo kitandani, na dawa yake ni kutasa: mwenye hasira hujaza maji mdomoni, huyapuliza, akatamka kwamba ameitoa. Mama alikuwa mtu wa kiti cha mbele kanisani, lakini hilo hakulitilia shaka. Alijaza kibuyu maji ya chemchemi ambako yeye na mdogo wake walikuwa wakichota pamoja wakiwa wasichana.

"Tupande garimoshi pale Mwatate," akasema.

"Mama, gari liko mlangoni!"

Tulipita Maktau vizuri. Mbele kidogo, katikati ya nyika, mvuke ukafunika kioo. Maji ya akiba nilikuwa nimeyamaliza njiani. Kitabu kilisema ningoje injini ipoe, na ningengoja, kama garimoshi la Taveta lisingepita kando yetu, abiria wakitupungia mikono.

"Nipe kibuyu, mama."

"Haya si ya gari, mwanangu."

"Maji ni maji. Ni hidrojeni na oksijeni."

Alinitazama kidogo, akanipa. Nikamimina yote. Ndani ya chuma kikalia kitu, tak, kama kijiti kikavu.

Alasiri likaja lori la vitunguu. Dereva aliinama juu ya injini yangu kwa huruma ya mtu aliyekuja matangani.

"Gasketi ya kuzuia maji yasiingie ndani ilikufa zamani, mwalimu. Na sasa umepasua kichwa chenyewe cha injini. Maji baridi kwenye chuma cha moto! Hukusoma?"

"Nilisoma."

"Basi kiambie hicho kitabu kije kikuvute."

Akampandisha mama mbele, nami nikakaa nyuma juu ya magunia. Kuhusu kibuyu nilikuwa nimemtayarishia mama majibu matatu. Hata moja halikuhitajika.

Tulipofika Mata jua lilikuwa limeinama. Wanaume walikuwa wakirudi kutoka shambani nyuma ya nyumba, majembe begani, udongo mbichi miguuni. Hapakuwa na haja ya kuuliza walikuwa wakichimba nini. Mama akauliza jambo moja tu, akimshika mkono binti wa marehemu mdogo wake.

"Aliniulizia?"

"Sana, mama mkubwa. Tangu asubuhi. Kila tukisikia mlio wa gari tulimwambia ni wewe."

Gari lilibaki kule nyikani. Watu walichukua magurudumu, kisha milango, kisha nikaacha kuulizia.

Miaka kadhaa nilijitahidi kumwondolea mama mzigo wa hasira ambayo hakuwahi kuitoa. Nilimweleza kwamba mdogo wake aliuawa na homa ya mapafu. Kwamba hasira haina vijidudu. Kwamba hata tungefika asubuhi, asingepona. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza darasani. Alikuwa akinisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharagwe.

"Najua, mwanangu," alikuwa akisema. "Wewe umesoma."