Rejeta Mpya na Kitambaa cha Mama

Leo nimelitukana feni lisilo na kosa.

Asubuhi nimeifungia ile pikipiki yangu ya magurudumu manne rejeta kubwa na feni jipya, maana ilikuwa ikichemsha kila kilima. Na kesho wageni wanaikodi kwenda Msuka!

Nikatoka kuijaribu. Kilima cha kwanza tu, mvuke.

Pale pale barabarani nikampigia fundi aliyeniuzia feni, nikambwatukia weee. Yeye kwa upole: "Hebu chungulia mbele ya rejeta, kaka."

Nikachungulia.

Kitambaa cheusi! Kimefungwa kwenye rejeta, ncha imejizongazonga ndani ya feni, feni halizunguki.

Jamani, mamangu. Alikifunga nilipokwenda kuoga, kwa sababu majirani walikuja kuitazama pikipiki na hakuna aliyesema mashallah, akaogopa kijicho.

Nikarudi nyumbani nimenuna. "Mama, kitambaa chako kimenichemshia injini!"

"Imekufa?"

"Haikufa."

"Basi kimefanya kazi."

Fundi nimeshamwomba radhi. Mama naye kanipa kitambaa kingine, kikubwa zaidi.

Niambieni nikifunge wapi, na haraka, anakuja kukagua.