Mbuzi wa Biolojia

Chumba cha Biolojia kilinuka fomalini na mavi ya popo. Popo walikaa juu ya dari, wakatoka jioni sisi tukiwa tumeshaenda nyumbani, na asubuhi tukakuta meza zote zimechafuka. Fomalini nayo ilitoka kwenye mitungi miwili ya kioo iliyokaa dirishani: mmoja una nyoka aliyepauka mpaka akawa rangi ya uji, mwingine una kitu ambacho hakuna aliyejua ni nini, maana karatasi ya jina ilikuwa imebanduka zamani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na muhula ule wa kwanza ulituangukia ndani ya jilaal, kiangazi kile kirefu ambacho Garissa nzima hutazama juu ikingoja wingu. Bati lilichemka, harufu ikakukaa kooni mpaka usiku. Chumba tulikiita maabara, ila kilikuwa ghala la zamani la mahindi ya msaada, lenye meza nane, hadubini moja isiyo na lenzi, na viti kumi na sita.

Viti hivyo kumi na sita ndivyo vilivyoniponza. Sisi wa kidato cha tatu tulikuwa arobaini na mmoja, na mkuu wa shule alikuwa ameshatangaza kwamba hatakubali mtu asome akiwa amesimama. Kwa hiyo mwisho wa muhula kungekuwa na jaribio la vitendo, na kumi na sita wa kwanza ndio wangeendelea na Biolojia mpaka mtihani wa kidato cha nne. Waliobaki wangesukumwa kwenye Fizikia, somo lililokuwa na jina kwenye ratiba lakini halikuwa na mwalimu. Mimi nilitaka uuguzi. Niliutaka tangu dada yangu Sahra alipompoteza mtoto wake wa kwanza juu ya lori, akiletwa mjini kutoka Ijara kutafuta mkunga. Na chuo cha uuguzi hakikumpokea mtu asiye na Biolojia kwenye cheti. Hapakuwa na njia ya panya. Ama nikae kwenye kimoja cha viti vile, ama ndoto yangu ife.

Mwalimu wetu tulimwita Dheere, yaani mrefu, kwa sababu aliinama kila alipopita mlangoni. Alitoka upande ule ambao sisi tuliuita Kenya, kana kwamba tulipo sisi ni nchi nyingine, na kwa jinsi tulivyotendewa pengine ilikuwa kweli. Alikuja na sanduku la bati na kitabu kimoja. Kitabu hicho alikisoma kwa sauti, sisi tukanakili. Tulinakili habari za kangaga, mmea unaopenda kivuli chenye unyevu. Kivuli chenye unyevu, Garissa, mwezi wa pili! Tulinakili chura, tukanakili nyungunyungu, na panya aliyechorwa ukurasa mzima akiwa amepasuliwa kifua mpaka mkia. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutuaminisha kwamba hatujui kitu.

Na tulijua. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Aabo, baba yangu, alikuwa dalali wa mbuzi kwenye soko la mifugo, na nyumba yetu ya Galbet haikukosa mnyama aliyefungwa uani. Likizo nilipelekwa Ijara kwa Ayeeyo, bibi yangu. Kwetu mnyama akichinjwa, wanaume hugawa nyama na wanawake huchukua matumbo. Nilianza kuosha matumbo kabla sijajua kusoma. Nilijua kwamba mbuzi ana matumbo manne, lile kubwa la majani, lile lenye vyumba kama sega la nyuki, lile lenye kurasa kama daftari, na lile dogo la mwisho lenye uchungu. Nilijua nyongo inaondolewaje isipasuke ikaharibu ini. Nilijua mnyama aliyekula mti mbaya kwa rangi ya figo zake. Ayeeyo hakuwahi kukanyaga darasa, lakini alikuwa akiingiza mkono ndani ya kondoo anayeshindwa kuzaa, anafumba macho, anasema mguu huu ni wa nyuma, halafu anamgeuza mtoto taratibu mpaka anatoka mzima.

Siku moja Dheere alisoma kwamba nyongo hukaa chini ya ini. Nikainua mkono, nikasema, "Mwalimu, ngamia hana nyongo." Darasa zima likaitikia, kwa sababu hakuna mtoto wa kwetu asiyelijua hilo. Ukipasua ini la ngamia hutafuti nyongo, hakuna. Dheere akatazama kitabu, akatutazama sisi. "Mtihani hauulizi ngamia," akasema. "Kaa chini, Hodan." Nikakaa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtovu wa adabu, na wallahi sikuwa nimesema neno la uongo.

Jaribio lilipokaribia, shule haikuwa na panya wala sungura. Dheere akauliza nani anaweza kuleta mwanambuzi, na mimi, kwa kiherehere changu, nikasema Aabo atatoa. Aabo akatoa mwanambuzi ambaye mama yake alikuwa amekufa kwa ukame, mnyonge, mbavu unazihesabu. Nilimbeba mwenyewe kutoka Galbet mpaka shuleni. Dheere alieleza kwamba atamtia ndani ya katoni, amwekee pamba yenye klorofomu mpaka afe, ampasue mbele yetu, kisha kila mtu achore njia ya chakula kama anavyoiona. Tukaangaliana. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kwetu ni nyamafu, haliwi, na kumuua ili atupwe, tena wakati watu wanalala njaa, ni dhambi iliyo wazi. Lakini alikuwa mwalimu, na viti ni kumi na sita. Tukanyamaza.

Chupa ya klorofomu ilifungiwa kabatini kwa mkuu wa shule, na mkuu alikuwa na wageni. Dheere akatuacha na mnyama amefungwa kwenye mguu wa meza, akaenda kungoja ufunguo. Akakawia. Joto likapanda, na yule mwanambuzi akaanza kulegea. Akalala ubavu, macho yakageuka, pumzi ikawa moja moja. Kila mtoto aliyekuwa mle ndani aliijua hali ile. Mnyama akifika hapo huna muda wa kuitana mkutano, unawahi kisu kabla roho haijatoka, vinginevyo umepoteza riziki. Nikamwambia Bare, mwana wa bucha tuliyekaa naye meza moja, "Mchinje, anakufa." Bare akachukua kisu cha kupasulia cha shule, akamlaza kuelekea Qibla, akasema Bismillahi Allahu Akbar, ikawa imekwisha.

Hapo tungekoma. Nakubali, hapo tungekoma. Lakini mikono ina mazoea yake. Bare alimning'iniza kwenye nondo ya dirisha damu ishuke, akamchuna ngozi akiongea mambo ya mpira. Mimi nikapokea matumbo kama nilivyoyapokea maisha yangu yote. Nikaenda nyuma ya ua, nikamwaga majani, nikayageuza nje ndani, nikayaosha kwa maji ya shule mara tatu. Nikatenga ini, nikaondoa nyongo nikaitupa mbali, nikapanga figo pembeni. Wala haikunipitia akilini kwamba ninaharibu kitu. Dheere aliporudi na chupa yake mkononi alikuta nyama safi ndani ya karai, imefunikwa kwa shuka la Bare nzi wasitue.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

"Mwalimu, alikuwa anakufa," nikasema.

"Si nilikuwa naenda kumuua?"

"Kufa si sawa na kuchinjwa, Mwalimu."

Akaiweka chupa dirishani. Nilimwambia naweza kuvirudisha vyote mahali pake, na sikungoja ruhusa. Nikafuta meza, nikapanga kuanzia koo mpaka mwisho, matumbo manne kwa mpangilio wake, bandama hapa, ini pale, na mahali pa nyongo nikaweka kijiwe. Wenzangu walisogea wakaona. Ile ndiyo siku pekee ambayo chumba kile kilifundisha Biolojia, na aliyefundisha ni mimi. Dheere hakusogea. Alisema mnyama ameharibiwa, tufungue madaftari, tumchore upya yule panya wa ukurasa mzima tuliyemnakili, na hilo ndilo lingekuwa jaribio letu. Arobaini wakafungua madaftari, na siwalaumu. Mimi nikachora mbuzi aliye mbele yangu. Nilichora matumbo yake manne, nikaandika kazi ya kila moja, nikajaza kurasa mbili.

Saa saba harufu ikatoka jikoni kwa walimu. Unajua harufu ya mwanambuzi akichemka na vitunguu na bizari. Ilipita uwanjani, ikaingia madarasani, ikatukuta tuna njaa. Niliomba ruhusa ya kwenda msalani nikapita makusudi karibu na dirisha lao. Dheere alikuwa na bakuli la supu mbele yake, na ini lilikuwa kwenye sahani yake, lile ini nililolitoa bila kupasua nyongo. Alikula vizuri. Angemuua kwa klorofomu yake asingemla, hata paka asingemla. Nikarudi darasani bila kufika msalani.

Orodha ilibandikwa Ijumaa. Majina kumi na sita, langu halimo. Mbele ya jina langu kwenye karatasi ya alama kulikuwa na sifuri, na kando yake ameandika kwa wino mwekundu: hakuchora mnyama aliyeagizwa. Aliyeagizwa na nani? Mbuzi nilimleta mimi! Wenzangu waliochora panya ambaye hakuna aliyemwona walipata alama zao. Bare mwenyewe alipita, na kisu alikishika yeye. Alikuja kuniomba radhi, akataka kwenda kusema aondolewe jina lake. Nilimkataza. Kiti kimoja kikitupwa hakinirudishii changu.

Aabo alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda shuleni Jumatatu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hakikuwa na mapambo, na p yake ilitoka b. Alisimama mbele ya mkuu wa shule, Dheere akiwa pembeni, akasema, "Mimi sikusoma. Nauliza tu. Mbuzi ni yangu. Mtoto ni yangu. Nyama nyinyi mmekula. Sasa mtoto amebata sifuri. Hii sifuri ni ya nani?"

Mkuu wa shule akakohoa. Akasema, "Mzee, shule ina utaratibu wake. Na Fizikia pia ni somo zuri kwa msichana."

"Nani anafundisha?"

"Mwalimu atakuja, inshallah."

Hakuwa Mwislamu, lakini inshallah yetu aliijua pale inapomfaa. Aabo alingoja Dheere aseme neno. Mnyonge hana haki, na Aabo alilijua hilo kuliko mimi, kwa sababu alikuwa amezeeka katika jimbo hili na vitambulisho vyake na kuulizwa kwake barabarani anakotoka na anakokwenda. Akanichukua tukarudi nyumbani kwa miguu. Mwalimu wa Fizikia alikuja nikiwa kidato cha nne, muhula wa pili, akakaa wiki sita akaondoka.

Watu huniambia nimsamehe Dheere. Wanasema alikuwa kijana, alitupwa mbali na kwao, mshahara ulichelewa, alikuwa akingoja barua ya uhamisho kila wiki. Yote ni kweli, na mengine nayajua zaidi yao. Lakini mtu akikosa raha hapewi kwa hilo ruhusa ya kukanyaga mtoto wa mwenzake. Angeweza kuinama kidogo tu juu ya meza ile akatazama. Kuinama alikujua, mlangoni alikuwa akiinama kila siku.

Siku hizi mambo ni tofauti, na sitaki kuwa mzee wa kulalamika tu. Nimeingia maabara za shule za hapa mjini, nimekuta meza za vigae, hadubini safu nzima, na walimu waliozaliwa Galbet na Mandera wanaojua kwamba ngamia hana nyongo. Wapo wasichana wetu waliovaa koti jeupe. Nikiwaona nafurahi, halafu nafika nyumbani nachukia, nacho ni kitu nisichojivunia. Mimi nina kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa hospitalini. Natafuta faili, natoa faili, narudisha faili. Alhamdulillahi, watoto wangu wamekula kwa kazi hiyo.

Mwezi uliopita waliniita wodi ya akina mama, kwa kuwa daktari wa zamu, kijana mpole aliyeletwa juzi, hakujua Kisomali. Kitandani alilala mwanamke aliyetolewa mbali, uchungu siku ya pili. Nilimtafsiria daktari maneno yake. Mwanamke akanishika mkono, akauweka tumboni mwake, na chini ya kiganja nikasikia kichwa ubavuni na miguu upande wa pili, mtoto amekingama. Alikuwa amenisikia nikizungumza na yule kijana, na sijui kwa nini, labda kwa mvi zangu, aliona mimi ndiye mkubwa wake. Akaniita dhakhtarad, daktari. Akaniuliza, "Dhakhtarad, nipasuliwe au ningoje?"

Wote wawili walinitazama. Nikautoa mkono wangu tumboni mwake, nikamgeukia yule kijana, nikamuuliza kwa Kiswahili swali lile lile.