Bolti za Lori la Mzee Amin

Hapa Mwingi mtu akiwa mkaidi watu husema ana kichwa cha Yakub, halafu wanacheka. Mimi sicheki. Kibanda changu cha chai kimeegemea ukuta wa gereji yake tangu Syombua wangu akinyonya, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema Yakub, ni mimi Kaluki. Kaa hapo, shika kikombe, nikuambie mambo ya mwaka ule wa mvua ya Elinino. Ukimaliza kunisikiliza, ucheke kama utaweza.

Yakub ni wa hapa hapa. Baba yake, Mzee Amin, alikuja zamani kutoka pwani na lori la kubeba tende, chumvi na nguo, akawa anauza mpaka soko la Nuu. Mwanawe akakulia kwenye grisi. Anaswali swala zake, na Kikamba anakiongea kuliko hawa watoto wenu wa siku hizi. Mzee alipofariki aliacha lori ambalo injini yake ilikuwa imekufa kabla yake. Yakub akaliweka nyuma ya gereji, na kila Ijumaa akitoka msikitini analipangusa, anatia grisi, anageuza usukani kidogo. Alikuwa anatafuta vipuri kimoja kimoja, ati siku moja litanguruma tena lipande Nuu. Sisi tulimwita mwenye maiti.

"Yakub, maiti wako ameamkaje leo?"

"Amekusalimia, Mama Syombua. Anauliza chai yako ina maziwa leo ama ni maji ya mto?"

Ndivyo tulivyoishi, kwa utani.

Sasa ile mvua. Wewe umesikia tu, mimi niliiona. Nguzo za stima zililala barabarani, madaraja yakaenda, na mto Enziu, ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu wa kuchimba visima, ukawa unanguruma mchana na usiku. Landrova ya zahanati ya kanisa kule Nuu ilikuwa imekwama mtoni mara nyingi hadi watu wa kanisa wakatafuta winchi, ile mashine ya kujivuta kwa waya wa chuma. Muthama, dereva wao, mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa tai hata kwenye matope, akaileta kwa Yakub aifunge mbele ya gari. Yakub akafungua bampa, akasema anangoja stima irudi achomelee kitako cha winchi. Gari likakaa pale uso wazi, winchi chini juu ya gunia.

Asubuhi moja akaingia kibandani mtu wa Nuu, amelowa mpaka nywele. Alikuwa amevuka kwa miguu, maji yalipopungua kidogo.

"Mama Syombua," akasema, na hakunitazama usoni. "Mkunga wa Syombua ameshindwa. Mtoto amekingama tumboni tangu jana. Wanambeba kwa kitanda wamlete mtoni. Wamesema gari lije, la sivyo wataenda wote wawili."

Woi! Sufuria ya chai niliiacha ikimwagikia moto. Syombua, binti yangu aliyeolewa huko Nuu, ni mmoja. Sina mwingine, wa kiume wala wa kike. Nilikimbia gereji bila viatu.

Muthama alipopata habari alikuja mbio, tai begani. "Fundi, hakuna kungoja stima. Funga hiyo winchi kwa bampa, twende!"

Yakub akatikisa kichwa. "Bampa haivuti, mzee. Hii ya kiwandani wameiweka ya kugonga mbuzi na kisiki, chuma chenyewe chembamba. Nikiifunga winchi hapo, itang'oka kama jino katikati ya mto, na nyinyi mkiwa ndani. Winchi lazima ishike chesisi, uti wa mgongo wa gari."

"Basi twende bila winchi!"

"Nenda. Mto uko pale, hauna mlango."

Mimi hapo nililipuka. Nilimwambia, "Yakub, mtoto wangu anakufa na wewe unapima chuma? Angekuwa Khamisa wako ungepima?" Khamisa ni binti yake. Nikamwita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele yako, wewe bado mgeni. Na sijuti, usinitazame hivyo. Mama ambaye mtoto wake yuko ng'ambo ya mto hachagui maneno.

Alisimama akiangalia pembe mbili za chesisi zilizotokeza mbele ya Landrova. Halafu akachukua jeki, spana kubwa na kopo la dizeli, akazunguka nyuma ya gereji.

Nikamfuata nikiendelea kumtukana, na nilipoona mahali alipopiga magoti, matusi yakaniishia. Mbele ya lori la Mzee Amin kulikuwa na bamba la chuma nene, la kuunganisha chesisi, lile la kuvutia mizigo. Bolti zake zilikuwa zimeliwa na kutu, hazifai. Bolti nzima, ndefu na ngumu, zilikuwa zile tu zilizoshika springi za mbele, na hizo Yakub alizitia grisi kila Ijumaa. Akazifungua zote. Zilizogoma alizimwagia dizeli, akapanda juu ya spana kwa miguu miwili, akaruka. Bolti ya mwisho ilipotoka akashusha jeki polepole, na lile lori likapiga magoti kwenye matope. Lilitoa mlio, ngoja nisikudanganye, nywele zilinisimama.

"Inna lillahi," Yakub akasema, kama mtu aliyeletewa msiba. Akatia bolti mfukoni, akaweka bamba begani.

Kutoboa walitoboa kwa drili ya mkono, yeye akichoka Muthama anashika. Bamba likalala juu ya pembe za chesisi, winchi juu ya bamba, bolti za Mzee Amin zikakazwa mpaka spana ikapinda. Bampa akaikata kwa msumeno nafasi ya waya kupita, akairudisha mahali pake, lakini haikubeba kitu. Mimi nilikuwa nikizunguka gari nikimwita Mungu, Ngai, Ngai, kila mzunguko. Akaunga nyaya kwenye betri, akajaribu, ikavuta jiwe kubwa kutoka upande huu wa uwanja mpaka ule.

"Panda," akaniambia. Naye akapanda. "Nimefunga mimi, nitakwenda nayo."

Kwenda tulivuka. Maji yalikuwa ya magoti na Muthama alikwenda nalo taratibu. Ng'ambo walikuwa wamemtua na kitanda chake chini ya turubai, wanaume wameshika mabega yao yaliyochubuka. Mwanangu alikuwa na midomo myeupe.

"Mwaitu," akaniita, ndiyo mama kwa lugha yetu. "Nimechoka."

"Usichoke. Nimekuja."

Tukamlaza nyuma, kichwa mapajani mwangu. Sasa sikiliza hapa vizuri. Mume wake, Kiilu, hakuingia. Kwetu kuna nthoni: mkwe mume hakai mahali pamoja na mama mkwe, hawagusani, na mimi jina lake sijawahi kulitamka kwa sauti tangu aoe. Kijana mwenye adabu. Mkewe anakufa, na bado hakuweza kujibana na mimi kwenye kile kiti. Akapanda nje, nyuma ya gari, akashika vyuma, mvua ikimpiga.

Kurudi, mto ulikuwa umebadilika. Tulipofika katikati mchanga ukashika magurudumu ya nyuma, gari likakaa. Maji yakaanza kuingia chini ya mlango. Na kutoka juu, mbali, nikasikia ule mngurumo ambao kila mtu wa Nuu anaujua, maji mengine yanakuja.

Yakub akateremka kuachia waya. Alikuwa ameshika mnyororo wa kuzungusha kwenye mti. Lakini Kiilu alikuwa nje tayari, alishapita mbele, akanyakua ndoano ya waya na kukimbia nayo mpaka kwenye mgunga wa ukingoni. Akazungusha ule waya kwenye mti na kuunasa wenyewe kwa wenyewe, vile anavyofunga maksai wake. Yakub alipoona alishika kichwa. Waya wa chuma ukiuinamisha hivyo unajikata. Mnyororo ulibaki mkononi mwake, haujafanya kazi.

"Usibonyeze bado!" akamwambia Muthama, akampa swichi ya winchi dirishani. Lakini kufungua tena waya ni kuulegeza, na gari lilikuwa linaning'inia kwenye huo waya tu, linaanza kugeuka kufuata maji. Muthama akaanza kuomba kwa sauti.

Haya, balaa halikuisha. Ukingoni walikuwa kina mama wa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja, wametoka na majembe kutengeneza kivuko. Kwenye mwethya hakuna mtu wa kukunja mikono. Ukikunja unatozwa mbuzi. Magari yakikwama tumezoea kuyavuta kwa kamba, tukiimba. Basi walipoona waya umekazwa wakauvamia kwa roho safi, wakaushika mstari mzima, wimbo ukaanza.

"Acheni! Utawakata!" Yakub akapiga kelele. Wakaimba zaidi. Mmoja akamjibu kwamba wao si watu wa kuletewa maringo na fundi wa mjini.

Akaingia majini mpaka kifuani, akafika ukingoni. Nilidhani atawapiga. Hakuwapiga. Nilimsikia akisema kwa Kikamba, "Mama zangu, waya huu una kiu ya damu. Nipeni leso zenu, muulemee, ukikatika usiruke. Hiyo ndiyo kazi yenu." Wakatazamana. Halafu wakaanza kufungua leso viunoni, wakazitupa juu ya waya, na majaketi na magunia, wakarudi nyuma. Wote isipokuwa Kiilu. Yeye alibaki pale mtini, ameshika ndoano kwa mikono miwili, akilia, kana kwamba mikono yake ingeongeza nguvu ya chuma.

Maji yakagusa kiti. Syombua akanishika mkono na mkono wake ulikuwa baridi. Yakub akatutazama, akatazama juu mtoni, akainua mkono. Muthama akabonyeza.

Gari likatikisika. Likapanda kidogo. Nikasikia waya ukilia. Yakub alikuwa anamvuta Kiilu shati, na Kiilu haachii. Nikatoa kichwa dirishani. Sikufikiria nthoni wala ukoo wa mtu.

"Kiilu!" nilipiga kelele. "Kiilu, achia!"

Aligutuka kama aliyepigwa kofi. Mikono ikaachia yenyewe, akainamisha kichwa kwa aibu, akaanguka chini. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshagusa mawe. Hapo waya ukakatika, palepale ulipojibana. Upande mrefu ulianguka chini ya leso, haukumgusa mama hata mmoja. Kile kipande kifupi chenye ndoano kikazunguka mti na kumpiga Yakub mkono wa kulia, mkono aliokuwa ameunyoosha mahali kilipokuwa kifua cha Kiilu.

Muthama alikanyaga mafuta, tukatoka. Yakub tulimweka mbele, mkono umefungwa kwa leso ya mtu. Nyuma yetu yale maji mengine yakafika, na mgunga nikauona ukienda.

Hospitalini waliwachukua wote wawili kwa pamoja. Syombua alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, alishakwenda. Yakub walimkata mkono juu ya kiganja.

Wapo wanaosema hapa kibandani, wakidhani sisikii, kwamba Yakub asingepoteza wakati na chuma chake, mtoto angepona. Sijui. Nimejiuliza hilo zaidi yao wote, na usiku huwa najiuliza tena. Lakini nawauliza na wao: winchi ingefungwa kwenye ile bampa, leo nani angewapikia chai? Wanamaliza vikombe, wanalipa.

Alipozinduka, Muthama alikuwa amekaa kando ya kitanda.

"Bolti?" Yakub akauliza.

"Zimeshika, fundi. Hata moja haijalegea."

Akatazama ile bandeji. "Basi," akasema, akageukia ukuta.

Hakufungua gereji tena. Alikuwa anakuja tu kukaa kwangu, anashika kikombe kwa kushoto, na utani wa maiti hakuna aliyethubutu kuurudia. Lori likabaki limepiga magoti, matope yakakaukia kwenye magurudumu. Ijumaa alipita njia nyingine.

Kiangazi kilipoingia, asubuhi moja, nikasikia wimbo barabarani. Walikuwa kina mama wa mwethya wa mtoni na wengine wa Nuu, wamebeba magogo na mawe, Syombua mbele, amekonda, leso imekazwa kwenye tumbo ambalo halikuwa na kitu. Wakaingia nyuma ya gereji kuliinua lile lori. Kiilu alikuwepo, na aliponiona akahamia upande wa pili wa lori, nthoni imerudi mahali pake.

Yakub akatoka kibandani kwangu akikimbia. "Wacheni! Litawavunja miguu! Na la nini? Hili haliendi popote! Halina bolti, halina fundi!"

Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa wameshaingiza magogo chini ya mbele, mikono imejaa pande zote. Syombua akageuka, jasho linamtoka.

"Baba," akamwambia, "hapa hakuna wa kukunja mikono."

Yakub akasimama. Akatazama lori, akamtazama binti yangu. Halafu akaja, akainama, akaingiza ule mkono mmoja chini ya chuma, karibu na wa Syombua, tukainua.