Shimo la Udongo la Bibi Minza

Enzi zetu, sisi watoto wa Ushirombo hatukununuliwa wanasesere. Tulipewa bonge la udongo tukaambiwa, "Haya, jizalieni wenyewe." Watoto wa siku hizi ukiwapa udongo wanauliza chaji inaingilia wapi.

Kwetu udongo ndio uliokuwa kiwanda cha ukoo. Bibi Minza, aliyemzaa mama, alirithi ufinyanzi kwa mama yake, naye kwa mama yake, na vyungu vyao vilipikiwa hadi Kahama. Vikombe vya Bibi vilikuwa vyembamba, vyekundu, vimesuguliwa kwa jiwe laini la mtoni hadi vikang'aa. Hata mapadri wenye vikombe vyao vya kaure walivitaka. Wasuguaji tulikuwa sisi wajukuu wa kike, mpaka viganja vikachubuka. Chai tulinyweshwa kwenye vile vyenye nyufa, maana wahenga waliosema mfinyanzi hulia gaeni hawakutia chumvi. Tulisomeshwa sote na shimo moja la udongo lililokuwa nyuma ya zizi.

Sasa, udongo ule ulikuwa na vipunje vya ulanga vinavyometa juani. Mjomba Shija, kaka yake mama, aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, alikitazama chungu cha maharage kwa macho ya mahaba. Kesho yake tulimkuta amekivunja, amekitwanga kwenye kinu, na sasa anauosha unga wake ndani ya karai akitafuta dhahabu. Maharage yenyewe alikwisha wamwagia kuku.

Juma lililofuata alileta wenzake wanne wenye sururu. "Mwangaluka mayu," walimwamkia Bibi kwa adabu zote, kisha wakasema wamekuja kufungua duara, yaani shimo refu la wachimbaji, palepale kwenye udongo wetu, wafuate dhahabu chini. Mama alianza kulia. Shimo likishachimbuliwa na hao, hakuna udongo, hakuna chungu, hakuna shule.

Bibi hakupandisha hata sauti. Aliwapikia ugali na mlenda, wakala wakashiba, ndipo akasema, "Chimbeni tu, wanangu. Ila udongo ule ni wa wanawake. Mwanamume akiukanyaga, anabeba mimba."

Wakacheka. Bibi akamnyooshea kidole Babu, aliyekuwa ameegemea ukuta, tumbo lake la pombe ya mtama likiwa limemtangulia. "Mume wangu aliingia mara moja tu. Muulizeni."

Babu, mtu aliyeogopa kazi kuliko uongo, alijishika kiuno akaguna, "Usiku ndiyo linacheza zaidi."

Wale wanne walitimua mbio bila kungoja hata kunawa mikono. Sururu moja waliisahau, Bibi akaifanya ya kuchimbia udongo. Mjomba Shija, ambaye alikwisha ingia shimoni kuchukua sampuli, alibaki nyumbani akijipima tumbo kwa kamba kila asubuhi, na siku alipotapika kwa sababu ya maembe mabichi alimwita katekista. Sisi tulijibanza nyuma ya ghala tukicheka mpaka mbavu zikauma. Kijana wa leo ungemwambia hivyo, angeingia kwenye simu, akuthibitishie kuwa haiwezekani, kisha alete katapila.

Disemba iliyopita tulikusanyika kwa misa ya kumkumbuka Bibi. Chai ililetwa kwenye vikombe vyeupe vya kaure, vya dukani Kahama, vyenye maua ambayo hayajapata kuota kwetu. Nikamchukua binti yangu twende shimoni. Magugu yamelifunika, lakini udongo upo, unameta vilevile. Nilichota konzi moja nimwonyeshe kikombe kinavyofinyangwa. Kikalala mkononi. Nikaanza upya, kikalala tena. Nikamwita dada yangu. Cha kwake hakikusimama kabisa. Tulicheka sana, halafu tukaurudisha udongo shimoni.

Bibi aliwaogopa wanaume wenye sururu, akawafukuza wote. Sisi wasichana, ambao udongo ulikuwa wetu, hakuna aliyetufukuza. Tuliondoka wenyewe.