Lenzi ya mjomba ilivyonilazimisha kuongea kanisani

Wakuu, heshima zenu. Humu mimi ni wa kusoma na kupita, na kuandika kwangu ni polepole. Ila hili lilinitokea mwenyewe, siongezi chumvi.

Napiga picha za sherehe huku Nzuguni. Mama Neema aliniomba nimpigie mwanawe siku ya kipaimara. Mumewe alikuwa amelazwa, hawezi kuinuka, na aliomba picha moja tu: mkono wa askofu juu ya kichwa cha Neema.

Asubuhi hiyo lenzi yangu ya autofocus, inayojitafutia sura yenyewe, ikagoma. Inakoroma tu, haishiki.

Nikafunga ya mjomba, ya enzi za filamu, kwa adapter, kile kipete cha kuiunganisha na kamera. Waliowahi kutumia wanajua, kamera haikusaidii kitu. Focus unazungusha kwa mkono.

Watoto walikuwa wanakuja mmoja mmoja, wanapiga magoti kwenye mto uleule mbele ya askofu. Nikaweka focus pale, nikaacha. Wa kwanza wakatoka safi.

Halafu mchungaji akaona muda unakwenda. Akawapanga waliobaki mstari mmoja, askofu akawa anawapitia yeye.

Nikaanza kuzungusha. Kila nikikaribia kushika sura, askofu keshahamia kwa mwingine. Mama Neema ananiangalia.

Mimi hata dukani husubiri mpaka niulizwe nataka nini. Lakini mkono uliposhuka kichwani kwa Neema, nikasikia sauti yangu.

"Baba Askofu, naomba usiutoe mkono."

Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Huyu naye katokea wapi?"

Askofu akauacha mkono palepale. "Tayari, mwanangu?"

"Bado, Baba."

Watu wakacheka. Nikazungusha taratibu mpaka kope za Neema zikaonekana moja moja. Nikabonyeza.

Jioni tukaenda na Mama Neema wodini kwa mumewe. Kwenye picha wenzake wote wamefumba macho wanaombewa. Neema alishtushwa na sauti yangu, katazama kamera moja kwa moja. Nikaanza kumwomba baba yake radhi kwamba nimeiharibu.

Akaivuta kamera karibu. Akasema, "Acha, kijana. Ananiangalia mimi."

Siku hizi nikijua nitatumia lenzi ya mkono, namfuata anayeongoza shughuli mapema, namwambia itabidi anisubiri. Kuongea ni sehemu ya kazi, nimekubali.

Nyie mnaotumia lenzi hizi, mtu anayetembea mnamshikaje? Nielekezeni. Nitasoma kila jibu, hata nikichelewa kurudi.